Sokwe wa Gombe na Majirani Zao

Sogeeni karibu na redio. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno matatu ubaoni: hifadhi, mpaka, kisiki. Tutakutana nayo katika somo la leo.

Leo tunazungumza habari za sokwe, yule ambaye wengine humwita sokwe mtu. Huyu si nyani wala si tumbili. Hana mkia, mikono yake ni mirefu, na kila jioni hutandika matawi juu ya mti apate mahali pa kulala.

Ukitoka Kigoma kwa mashua, ukaelekea kaskazini katika Ziwa Tanganyika, baada ya kilometa kama 16 utaona upande wa kulia milima na mabonde yenye miti. Hapo ndipo Gombe. Palitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943, pakawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Hifadhi ni mahali panapolindwa kwa sheria. Ndani yake mtu haruhusiwi kulima, kukata miti wala kuwinda.

Mwezi wa Julai 1960 alifika huko msichana Mwingereza, Jane Goodall, mwenye umri wa miaka 26. Alitumwa na Bwana Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuwa Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuwatazama sokwe na kuandika. Mwaka huo huo alimwona dume mmoja amekaa penye kichuguu. Dume yule alishika unyasi, akauingiza katika tundu, akangoja kidogo, akautoa umejaa mchwa walioung'ata, akawala. Mvuvi yeyote wa Kigoma angeielewa kazi ile mara moja. Lakini wataalamu wa siku zile walikuwa wakifundisha kwamba ni mwanadamu peke yake anayetengeneza vyombo vya kazi. Ikabidi somo lao liandikwe upya. Bibi Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91.

Kuna jambo moja napenda mlisikie, hasa ninyi mnaojifunza kuandika. Mwaka 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Wanafunzi hao baadaye waliachiliwa, lakini wageni wengi wakaondoka. Kazi ingeweza kufa. Haikufa, kwa sababu Watanzania wa vijiji vya jirani waliishika. Waliwafuata sokwe tangu alfajiri hadi machweo, na waliyoyaona wakayaandika kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuwa watu wa elimu ya juu. Walijua kusoma na kuandika, na waliujua msitu.

Haya, sasa tufike penye shida. Sokwe wa Gombe leo ni kama 100 tu. Hifadhi yenyewe ni ndogo, kilometa za mraba 52 hivi. Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe iliyoko kusini, ina kilometa za mraba 1,613.

Pengine mtu atauliza, sokwe 100 si wengi? Tufanye hesabu. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka kama 14. Akizaa leo, mtoto mwingine atakuja baada ya miaka mitano au sita, maana huyu wa kwanza hunyonya na kubebwa muda mrefu. Mama akifika miaka 40 atakuwa amezaa labda watano, na baadhi yao hufa wachanga. Basi ugonjwa ukiua sokwe kumi katika mwezi mmoja, pengo lile halizibiki upesi.

Na magonjwa yao mengi ni yetu. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio ulifika Gombe. Sokwe wengine walikufa, wengine walipooza mikono. Watu waliwapa dawa ya kinga ndani ya ndizi. Siku hizi magonjwa ya kifua ndiyo huwaua zaidi. Kwa sababu hii mgeni mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia sokwe, na mzima naye hukaa mbali nao.

Tena kuna shida ya mpaka. Jike akipevuka, mara nyingi huliacha kundi la mama yake akaenda kundi lingine, ili ndugu wasizaliane. Sisi tungesema anaolewa mbali. Zamani njia ilikuwepo, kwa kuwa msitu wa Gombe uliungana na misitu mingine nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Bibi Goodall aliruka kwa ndege juu ya nchi ile akaona hifadhi ni kijani, na vilima vinavyoizunguka ni vitupu. Mpaka ulikuwa umelindwa vizuri, lakini sokwe walikuwa wamefungiwa ndani yake kama watu wa kisiwani.

Tusiwalaumu wanakijiji upesi. Watu walikuwa wameongezeka, na wakimbizi walikuja kutoka Burundi na Kongo. Kila nyumba ilitaka kuni na shamba la muhogo, hata kama shamba lenyewe liko kwenye mteremko mkali. Mvua ziliponyesha, udongo ulishuka ziwani.

Mwaka 1994 ulianza mpango unaoitwa TACARE. Wenye mpango hawakuanza kwa kuhubiri habari za sokwe. Waliwauliza wanakijiji wanataka nini, nao wakataja maji, afya, shule na kilimo bora. Mimi naona hapo walifanya busara. Baadaye vijiji, kwa kufuata sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, vilipanga matumizi ya ardhi: hapa nyumba, hapa mashamba, hapa msitu wa kijiji. Wanakijiji waliochaguliwa na wenzao hukagua misitu hiyo na kutuma habari kwa simu ya mkononi.

Habari njema ni kwamba si lazima kila mti upandwe. Miti mingi ya miombo ikikatwa, kisiki, yaani shina linalobaki ardhini, huwa bado ni hai. Kisipochomwa moto wala kukatwa tena, huchipua. Lakini kungoja kuna gharama. Mwenye shamba la mteremkoni anaambiwa aliache lipumzike, na watoto wake wanataka ugali mwaka huu, si baada ya miaka kumi. Kijiji kisipompa mahali pengine pa kulima, atarudi na shoka, na sijui nani kati yetu asingerudi.

Sasa chukueni madaftari. Andikeni yale maneno matatu. Kisha jadilianeni: katika kijiji chenu, mteremko upi una visiki vinavyochipua? Nani analima hapo, na akihamishwa apewe ardhi ipi? Mmoja wenu aandike majibu, na kipindi kijacho ayasome kwa sauti.