Michezo ya Mikono kwa Mtoto wa Mwaka Mmoja Wakati wa Masika

Leo tutazungumza juu ya mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, na jinsi unavyoweza kumtengenezea michezo ya mikono kwa vitu vilivyomo nyumbani mwako.

Tumechagua jambo hili kwa sababu ya msimu. Sehemu nyingi za Kenya hupata mvua ya masika kati ya mwezi wa Machi na Mei. Nje huwa matope, na mtoto hushinda ndani. Lakini ndani ndimo mna jiko linalowaka, ndoo ya maji, chai ya moto, na pengine mafuta taa yaliyotiwa katika chupa ya soda. Mtoto wa umri huu hakai bure. Usipompa kitu cha kushika, atajitafutia mwenyewe, na huenda akapata kitu cha kumdhuru.

Wengine wetu humtuliza mtoto kwa simu au televisheni. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na kwamba anahitaji angalau dakika 180 za kutembeza mwili kwa siku, zikigawanywa kutwa nzima. Mchezo si anasa, mama. Mchezo ni sehemu ya malezi, kama vile chakula na chanjo.

Kwa nini mikono? Katika miaka ya kwanza ya maisha ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa. Katika umri huu anajifunza kushika kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, kutia kitu ndani ya chombo na kukitoa, na kuelewa maneno rahisi. Kila anaposhika, anapofinya na anapogonga, anajifunza. Lakini anajifunza zaidi ukiwa naye, ukimtazama, ukisema naye na kungoja akujibu. Usitarajie picha nzuri. Kazi yenyewe ndiyo faida.

Sasa tuone michezo minne.

Mchezo wa kwanza ni rangi ya uji. Chukua vijiko viwili vya unga wa mahindi, upike na maji hadi upate uji mzito kidogo. Uache upoe kabisa. Ugawe katika vikombe viwili au vitatu. Kimoja tia manjano ya kupikia, kingine maji ya bitiruti iliyochemshwa, kingine maji ya mchicha uliopondwa na kuchemshwa. Tandika kipande cha kadibodi au kalenda kuukuu sakafuni. Mvue mtoto nguo nzuri, kisha mwache achovye vidole na kupaka. Atalamba, na hilo lisikutie hofu, kwa maana ni chakula kilichopikwa. Usitumie rangi ya nguo wala ya nyumba. Wako pia wanaofinyanga unga mbichi na chumvi nyingi. Huo usimpe mtoto mdogo, kwa sababu chumvi nyingi ni hatari kwake, na unga mbichi unaweza kuwa na viini vya ugonjwa.

Mchezo wa pili ni chapa ya majani. Mvua ikikatika, mbebe mtoto mtoke nje kidogo. Mwonyeshe jani lililolowa, mwache aliguse. Sema naye: "Hili ni jani. Lina maji. Linateleza." Chuma majani mapana unayoyajua vyema, kama ya mwembe. Mkirudi ndani, osha majani hayo, yapake rangi ya uji upande mmoja, kisha mshike mkono mtoto mkandamize jani juu ya kadibodi. Ukiliinua, umbo la jani litabaki. Usichume katika ua wa mnyaa au mmea wowote unaotoa utomvu mweupe kama maziwa, kwa sababu utomvu wa mnyaa huunguza ngozi na unaweza kudhuru macho. Mbegu za mbarika pia ni sumu. Zisifike mkononi mwa mtoto.

Mchezo wa tatu ni kayamba ya chupa. Chukua chupa ndogo ya plastiki iliyooshwa na kukauka. Isiwe iliyowahi kutiwa mafuta taa au dawa ya mifugo. Tia punje chache za mahindi makavu, funga kifuniko kwa nguvu, kisha kizungushie utepe wa gundi mara kadhaa. Tikisa, halafu mpe naye atikise. Wewe piga polepole, kisha upesi, naye atajaribu kukufuata. Kila siku kabla ya kumpa, kagua kifuniko. Chupa ikipasuka, itupe.

Mchezo wa nne ni mkebe wa kutia na kutoa. Tafuta mkopo mpana wa plastiki, au sufuria ndogo. Mpe magunzi ya mahindi yaliyosafishwa, vikombe vya plastiki na vipande vya leso kuukuu. Mwonyeshe mara moja jinsi ya kutia na kumwaga, kisha umwachie. Hesabu naye: "Moja, mbili, tatu." Atarudia mara nyingi kuliko unavyoweza kuvumilia, na ndivyo anavyojifunza.

Tumia lugha yoyote mnayoizungumza nyumbani. Akisema "ba", mjibu kana kwamba amesema neno zima. Mtoto wa mwaka mmoja hutulia kwa dakika chache tu. Akigeuza uso au akianza kulia, ameshiba mchezo, kwa hiyo usimlazimishe. Baba, nyanya na ndugu wakubwa nao wanaweza kucheza naye. Kwa mtoto asiyeweza kuketi vizuri, mweke mapajani mwako na umsogezee vitu karibu.

Sasa sikiliza kwa makini juu ya usalama. Mtoto huyu hupeleka kila kitu kinywani. Kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya kigogo cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Weka mbali vifuniko vya soda, vifungo, sarafu, betri, shanga na njugu. Osha mikono yake na yako kwa sabuni kabla na baada ya mchezo. Usimwache peke yake, hata dakika moja, karibu na beseni au ndoo yenye maji. Maji machache tu yanatosha kumzamisha.

Je, akikabwa? Ikiwa anakohoa kwa nguvu au analia, mwache aendelee kukohoa, ukae naye. Ikiwa hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, ita msaada mara moja. Mlaze kifudifudi juu ya paja lako, kichwa kikiwa chini, umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, na ametimiza mwaka mmoja, mzungukie kwa nyuma, weka ngumi yako juu ya kitovu chini ya mbavu, uvute ndani na juu mara 5. Rudia yote mawili. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimbonyeze tumbo. Mlaze chali, ubonyeze katikati ya kifua mara 5. Usiingize kidole kinywani kutafuta kitu usichokiona. Hata akipona, mpeleke hospitali akaangaliwe.

Mchezo pia hukuonyesha jinsi mtoto anavyokua. Akifika miezi 18 bila kutembea, bila kusema neno hata moja, au ikiwa hageuki unapomwita, mpeleke kliniki. Usingoje kwa kuambiwa kwamba ni mvivu tu. Katika miezi 18 atahitaji pia chanjo ya pili ya surua na rubela, basi chukua kijitabu chake cha kliniki na umweleze mhudumu yale uliyoyaona. Mwulize pia kuhusu vitamini A na dawa ya minyoo, ambazo mtoto wa umri huu hupewa kila baada ya miezi 6.

Kwa ufupi, mama: vitu ni vya nyumbani, wakati ni dakika chache, na kazi yako ni kuwa karibu, kusema naye na kumlinda. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leo jioni, uji wake ukiwa jikoni, bakiza vijiko viwili vya kuchezea.