Rangi za Ramani na Usalama wa Baba Watoto

Akina mama wapendwa, ramani ya hali ya hewa kwenye televisheni imepambwa kwa rangi. Hapa Bukoba na Muleba wapo wanaozisifu, wapo wanaonung'unika kwamba hupita upesi mno. Sisi wauguzi twasema: tujue kwanza maana yake. Katika tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Lakini taarifa ya saa mbili usiku humkuta mvuvi wa dagaa wa Bumbire yuko ziwani tayari. Basi, mama, sikiliza redio tangu mchana, umweleze baba watoto kabla hajapakia taa na nyavu. Upepo haungoji, heri mtumbwi ungoje.