Mkia wa Motokaa Kuukuu: Jinsi ya Kuujua Ubovu Wake Kabla ya Kununua

Mtu mwenye shamba lake Asembo au Uyoma, au karani afanyaye kazi Bondo, akiisha kuweka akiba ya miaka kadha wa kadha, aghalabu hununua motokaa iliyokwisha kutumiwa na wengine. Huitazama rangi, hufungua boneti, huiwasha injini na kuisikiliza, kisha hutoa fedha. Nyuma hatazami. Walakini katika pande zetu za ziwa, nyuma ndiko motokaa inakoteseka kuliko mahali pengine popote.

Asiyesadiki na asimame Luanda Kotieno wakati feri itokayo Mbita inapotia nanga na kushusha watu. Feri hiyo humwokolea msafiri safari ndefu ya kuizunguka Ghuba ya Winam kupitia Kisumu na Homa Bay, na kwa hiyo motokaa za kuchukua abiria hungojea hapo. Nyingi ni Toyota Probox, gari lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 2002 kwa kazi ya mizigo. Waliolitengeneza waliandika kwamba litachukua kilo 400 likiwa na watu wawili. Huku kwetu si ajabu kuona watu kumi ndani yake, nao tukiwahesabu kwa kilo 60 kila mmoja ni kilo 600, kabla hatujataja magunia ya omena yaliyofungwa juu. Motokaa iliyofanya kazi hiyo miaka sita, ikaoshwa na kupakwa rangi, ndiyo hiyo unayoletewa nyumbani ukaambiwa kwamba ilikuwa ya mwalimu aliyekwenda nayo kanisani tu.

Yafaa kwanza kuijua tofauti ya springi na shokabzoba, kwa kuwa watu wengi hupoteza fedha hapo. Kazi ya springi ni kuubeba uzito. Shokabzoba haibebi uzito. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya kupita shimo. Ndani yake mna mafuta yanayosukumwa katika matundu madogo, na kule kupenya kwa shida ndiko kunakoupunguza mruko. Basi motokaa iliyoinama mkia haiponi kwa kutiwa shokabzoba mpya, hata zikinunuliwa mara tano, wala motokaa irukayo-rukayo haiponi kwa springi. Mafundi wengine wa kando ya barabara huilaumu shokabzoba kwa kila sauti itokayo nyuma, kwa sababu ni rahisi kuifungua na kuuza nyingine.

Anza kwa kupima. Iweke motokaa mahali palipo sawasawa, uitoe mizigo yote, kisha upime kutoka katikati ya gurudumu la nyuma kwenda juu hadi ukingo wa bodi. Usipime kutoka ardhini, maana tairi lililopungua upepo litakudanganya. Fanya hivyo pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine kwa upana wa kidole au zaidi, yamkini springi ya upande huo imechoka au imevunjika. Springi ya kuzunguka hupenda kukatika katika mzunguko wake wa chini kabisa, pale inapokaa katika kikombe chake, na matope huficha ufa huo. Hapana budi kuosha na kumulika kwa tochi. Pande zote mbili zikiwa sawa lakini zote zimelala, linganisha na motokaa nyingine ya namna ile ile. Pale penye feri hutazikosa.

Tazama pia kama mtu ametia vipande vya mpira katikati ya mizunguko ya springi ili kuinua mkia. Hiyo ni dawa ya kuficha ugonjwa, nayo ni ushahidi kwamba motokaa ilikuwa ikibebeshwa kupita kiasi.

Baadaye, bonyeza pembe ya nyuma kwa nguvu zako zote ukaiachilie. Inapaswa kupanda na kutulia. Ikipanda na kushuka mara mbili tatu, shokabzoba imekufa. Lakini motokaa ya mizigo ina springi ngumu ambazo mkono wa mtu haziusikii sana, kwa hiyo jaribio hili huonyesha zile zilizokufa kabisa tu. Afadhali kutafuta mafuta. Unyevu kidogo juu ya shokabzoba si neno. Mchirizi wa mafuta unaoteremka na kushika vumbi hata ukawa matope meusi, hiyo ni shokabzoba iliyopasuka. Muuzaji mwerevu huosha chini asubuhi. Basi mwombe mwende naye kilometa kumi katika barabara ya murami, kisha uchungulie tena. Kadhalika pitisha kiganja juu ya tairi: ukisikia vilima na mabonde, tairi lile limekuwa likidunda barabarani badala ya kukanyaga.

Katika safari hiyo tumia masikio, ila kwanza mtoe jeki na spana zote katika buti, maana jeki iliyolegea hulia kama shokabzoba mbovu, na wako watu walionunua vyombo vipya kwa ajili yake. Mgongo mmoja mkavu katika kila shimo dogo, wakati wa mwendo wa polepole, mara nyingi ni bushi ya shokabzoba iliyokwisha. Kishindo wakati wa kuondoka au kushika breki hutoka katika bushi za vyuma virefu vinavyoizuia ekseli isiende mbele wala nyuma. Mkia ukiyumba kando kama mtu mlevi unapovuka mifuo ya barabara, kitazame chuma cha kuvuka kinachoizuia ekseli isiende upande. Na mngurumo unaoongezeka kwa mwendo, bila kujali mashimo, si springi hata kidogo. Ni beringi ya gurudumu au tairi lenyewe.

Wazee wa Kisumu bado huzisifu Peugeot, na wana haki: Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Lakini kumbuka kwamba Peugeot 504 ndefu, ile iliyokuwa matatu, ilikuwa na ekseli nzima na springi nne nyuma, hali ile fupi ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake. Jina moja, ugonjwa mbalimbali. Fundi asiyejua namna ya motokaa yako asikufungulie kitu.

Mwisho ni kuingia chini, na hapa watu hufa. Jeki peke yake haiaminiki. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, uiegemeze motokaa juu ya vigingi vya chuma au magogo mapana, uitikise kwa nguvu, ndipo ulale chini. Sukuma kila bushi kwa mtaimbo. Ekseli isicheze, wala mpira usiwe na nyufa. Maji ya ziwa letu si ya chumvi, lakini motokaa iliyochukua samaki waliotiwa chumvi huvuja maji makali, nayo hula chuma pale springi na shokabzoba zinapoushika mwili wa gari. Gongagonga kwa bisibisi. Sauti ikiwa butu na maganda yakianguka, au ukikuta rangi nyeusi mpya imepakwa pale tu, iache motokaa hiyo hata kama bei ni ya bure. Bushi hununuliwa, mwili uliooza haununuliwi.

Baadhi ya magari ya mizigo yana chombo cha breki kinachofungwa kati ya ekseli na bodi, ili breki za nyuma zipate nguvu kwa kadiri ya mzigo. Springi zikilala, chombo hicho hudhani gari limejaa, nayo magurudumu ya nyuma hukwama upesi wakati wa kushika breki. Mteremko wa kuingilia feri, wenye maji na matope, si mahali pa kuligundua jambo hilo.

Ukikuta ubovu unaotengenezeka, andika kila kitu, ukaulize bei ya vyombo Kisumu kabla ya kupatana. Hesabu springi mbili hata kama iliyovunjika ni moja, na shokabzoba mbili vilevile, kisha utoe jumla hiyo katika bei ya muuzaji. Kazi ikiisha, pima tena kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, mbele ya fundi, kabla hujamlipa.