Umelipia HD Lakini Picha ni Ukungu wa Londiani? Cheki Simu Yako Kwanza

Ni Jumamosi jioni Londiani. Mvua imemwagika tangu saa nane, ukungu umeshuka kutoka msituni na hakuna msee anataka kutoka nje. Umejifunika blanketi, chai ya maziwa iko hapo kando, simu mpya iko mkononi. Umelipia Netflix ile pakeji ya juu, data umenunua, mtandao uko fiti. Unabonyeza filamu, na maze, waigizaji wanaonekana ni kama pia wao wako kwa ukungu.

Wa kwanza kulaumiwa huwa mtandao. Lakini fungua YouTube uweke video ya 1080p. Ikicheza safi bila kukwama, wacha kulaumu booster ya pale juu. Shida iko kwa simu, na inawezekana hata aliyekuuzia hakuwa na rada.

Iko hivi. Filamu za kulipia huja kwa simu zikiwa zimefungwa, ndio watu wasizinakili na kuziuza kwa flash. Kwa simu za Android, kufuli inayotumika sana inaitwa Widevine, na ni ya Google. Hii kufuli ina viwango. L1 inamaanisha filamu inafunguliwa ndani ya sehemu salama ya chipu, mahali programu zingine haziwezi kuchungulia. L3 inamaanisha inafunguliwa na programu ya kawaida tu, na hapo mwizi ana nafasi. Kuna L2 pia, lakini hiyo utaiona mara chache sana, tusipoteze muda nayo.

Wenye filamu hawaamini L3. Kwa hivyo simu ya L3 Netflix huipa 480p, basi. Skrini yako inaweza kuwa ya 1080p, ambayo ina vitone karibu mara tano ya 480p, na bado ukapewa ile ndogo ikavutwa ijaze kioo. Kamera ya megapikseli 108 haitakusaidia hapa. RAM pia haitakusaidia.

Kucheki ni dakika mbili. Ingia Play Store utafute programu inaitwa DRM Info, ni ya bure na haitaki akaunti ya Netflix. Ifungue, shuka hadi penye Widevine, utafute "Security Level". Hapo ni L1 ama L3, hakuna kuzunguka.

Kama uko na akaunti, Netflix yenyewe inakuambia zaidi. Ingia "App Settings", kisha "Playback Specification". Soma mistari miwili, sio mmoja: ule wa Widevine na ule wa "Maximum Playback Resolution". Kuna simu ziko na L1 lakini Netflix haijazipitisha, na huo mstari wa pili bado unasema SD. Huo ndio wa kuamini. (Wenye iPhone, nyinyi mko na kufuli ya Apple, hii stori haiwahusu sana.)

Sasa umepata L3. Je, inatengenezwa? Mara nyingi hapana, kwa sababu funguo za L1 huwekwa kiwandani. Kampuni yenyewe inaweza kuokoa jahazi: Poco F1 ilitoka 2018 ikiwa L3, ikapata L1 mwaka uliofuata kwa sasisho la kawaida. Wenye OnePlus 5 na 5T hawakubahatika hivyo, waliambiwa warudishe simu kwa kampuni ndio iwekwe. Kwa hivyo fundi wa stendi akikuambia atakuwekea L1 kwa mia tano, shika hiyo mia tano yako. Tena akianza kufungua mfumo wa simu ndio aingize Android nyingine, kuna modeli zinashuka kutoka L1 hadi L3 hapo hapo. Ndio maana simu za mitumba, hata zile za kutoka Uingereza zinazong'aa, lazima uzicheki moja moja.

Kwa upande wa doo, hesabu ni rahisi. Kama unatazama kwa hiyo simu ya L3 pekee, hiyo pakeji ya juu unachoma pesa. Ule mpango wa bei ya chini wa simu na tableti nao unatoa 480p, ile ile unayoona sasa. Shuka huko, chukua chenji yako. Na kuna kafaida kengine: kwa makadirio ya Netflix yenyewe, saa moja ya SD inakula kama GB 1, HD inaweza kufika GB 3. Wengine wetu tunaonunua data ya saa moja tunaweza kuishi na ukungu kidogo.

Lakini kama bado hujanunua, na hasa kama ni ile simu ya kulipa kidogo kidogo kila siku kwa mwaka mzima, usilipe diposi kabla ya kuona. Mwambie muuzaji akuwashie moja ya maonyesho ya modeli hiyo hiyo, herufi kwa herufi, maana jina moja linaweza kuwa na matoleo matatu. Mpe hotspot yako, weka DRM Info, soma. Akikataa kuiwasha, duka la pili liko hapo ng'ambo ya barabara.