Maumivu ya kiuno: kabla ya kufikiria kisu

Majibu ya MRI yakisema diski zimepungua maji, moja imevimba kwa nyuma na pingili zimeota vinundu, mgonjwa mara nyingi hurudi nyumbani akiamini mgongo umekwisha. Tangu siku hiyo hainami, habebi ndoo, hata kugeuka kitandani ni kwa woga. Majirani nao wanamwambia pingili zimesagika, ajiandae kwa upasuaji. Naamini woga huo huwaumiza watu kuliko vinundu vyenyewe.

Mwaka 2015, Waleed Brinjikji wa Mayo Clinic nchini Marekani na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizopiga picha migongo ya watu 3,110 wasio na maumivu yoyote. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Diski iliyovimba ilikutwa kwa asilimia 30 ya vijana hao na asilimia 84 ya wazee. Wote hao walikuwa wazima, wakiendelea na shughuli zao. Kwa hiyo kinachoonekana kwenye picha huenda kilikuwepo miaka mingi kabla kiuno hakijaanza kuuma.

Diski hukaa katikati ya pingili mbili. Ndani ina ute mzito unaoshika maji, na pembeni umezungushiwa nyuzi ngumu. Umri ukisonga, ute hukauka kidogo kidogo, diski husinyaa, na vile viungo vidogo vya nyuma ya pingili hubeba uzito zaidi. Mfupa nao hujibu kwa kuota vinundu. Wakati mwingine nyuzi hupasuka, ute ukatokeza na kubana neva, na maumivu yakashuka mguuni kama moto. Hata hapo mwili haukai bure: chembe za kinga huushambulia ute uliotoka na kuupunguza, na wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa bila kupasuliwa.

Shirika la Afya Duniani, linalosema kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, lilitoa mwongozo wa tiba bila upasuaji Desemba 2023. Linapendekeza mgonjwa aeleweshwe hali yake, afanye mazoezi, apate huduma ya mikono ya mtaalamu na msaada wa kisaikolojia anapouhitaji. Mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa za jamii ya mofini halizipendekezi kama tiba ya kawaida ya maumivu sugu. Dawa kama diklofenaki zinaweza kusaidia, lakini kuzinunua dukani wiki baada ya wiki ni hatari kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au shinikizo la damu.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vifaa. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage sakafu, kisha inua makalio polepole, hesabu hadi tano, shusha. Kuuma kidogo mwanzoni si dalili kwamba kitu kinavunjika. Na kutembea kunatosha kuleta tofauti kubwa: katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024, watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno walifuatiliwa. Nusu ya waliopewa mpango wa kutembea walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu hayajarudi. Kwa wasiopewa mpango huo, siku 112.

Zipo hali ambazo hazisubiri mazoezi. Ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujua, au mguu kulegea ghafla: nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana hapo upasuaji wa haraka unaweza kuokoa neva. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao bado upo kwetu na ambao mara nyingi hutibika kwa dawa ukigunduliwa mapema.