Kikohozi cha Wiki Mbili Namatala: Kipimo Kipi Kina Faida?

Namatala, hapa Mbale, vyumba vimebanana, na jioni watu huketi kwa saa nyingi wakiuzunguka mtungi wa pombe ya malwa, inayonyonywa kwa mirija. TB haisambai kwa mirija hiyo, husambaa kwa hewa ya pale ndani. Mtu aliyekohoa wiki mbili, akashuku TB, apeleke wapi pesa zake?

Wengi huanza duka la dawa: siropu, kisha antibiotiki. Naona hakuna njia ya ghali kuliko hiyo. Siprofloksasini, mojawapo ya antibiotiki hizo, inaweza kuvidhoofisha vijidudu vya TB kwa muda bila kuvimaliza. Mgonjwa anajiona nafuu, kumbe bado anawaambukiza wanawe.

Eksirei ya kliniki binafsi utailipia. Itaonyesha doa kwenye pafu, lakini haitathibitisha kama ni TB au ni kovu la zamani.

Hadubini ni rahisi kwa bei, ila huhitaji vijidudu kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Watoto na wanaoishi na VVU mara nyingi hawana vingi hivyo, wakaambiwa hawana TB nayo wanayo.

Ndiyo maana nakipendelea kipimo cha GeneXpert, kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2010. Hiki hakitafuti kijidudu chenyewe, hutafuta mpangilio wa herufi za DNA ambao ni wa jamii ya vijidudu vya TB peke yake. Toleo la Ultra, la mwaka 2017, hulenga pia kipande kiitwacho IS6110, ambacho kwa kawaida hujirudia mara kadhaa ndani ya kijidudu kimoja. Kwa hiyo hata vijidudu 16 hivi kwa mililita vyaweza kugunduliwa. Papo hapo husoma sehemu ya herufi 81 katika jeni ya rpoB. Zikibadilika hapo, kwa kawaida dawa ya rifampisini haitamfaa mgonjwa. Mashine humaliza yote hayo chini ya saa mbili.

Mwaka 2023 bei ya katriji moja ya kipimo hicho kwa nchi maskini ilishushwa kutoka dola 9.98 hadi 7.97. Katika kituo cha serikali mgonjwa halipi hata hizo, wala dawa za miezi sita. Gharama yako ni nauli ya boda na kusubiri, kwani pasipo na mashine makohozi husafirishwa kwa pikipiki hadi kwenye mashine.

Kasoro ipo: DNA ya vijidudu vilivyokufa nayo husomeka. Kama ulitibiwa TB ndani ya miaka mitano iliyopita, mwambie mhudumu. Kwa sababu hiyo maendeleo ya matibabu bado hufuatiliwa kwa hadubini.

Basi anza na Kituo cha Afya cha Namatala au Hospitali ya Rufaa ya Mbale. Sukutua kinywa kwa maji, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka kifuani. Mate matupu yatakurudisha nyumbani bila jibu.