Kuzoesha Matumbawe Maji Mageni

Tumbawe ni mnyama, ingawa halitembei wala halina macho, na yeyote anayekusudia kulitunza katika tangi la nyumbani hana budi kuanzia hapo, kwa kuwa hasara nyingi hutokana na kulichukulia kama jiwe la pambo ambalo leo huwekwa huku na kesho kule. Tumbawe moja kwa kawaida ni jamii ya polipu wengi walioungana, na polipu ni kiumbe laini mwenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Ndani ya nyama yake huishi mwani wa seli moja unaoitwa zooksanthela, ambao hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga, kazi ambayo wanasayansi huiita usanisinuru, na katika matumbawe mengi ya maji ya joto sehemu kubwa ya nishati ya polipu hutoka kwa mwani huo. Anayehamisha tumbawe, kwa hiyo, anahamisha viumbe wa aina mbili waliofungamana, na mmoja akishindwa kuhimili maji mapya, mwenzake huwa hatarini.

Matumbawe yana uwezo wa kubadilika kulingana na mazingira, tena mkubwa kuliko ulivyodhaniwa zamani, lakini kila badiliko lina muda wake. Chumvi huzoeleka kwa saa chache, mwanga kwa wiki, na joto kali kwa miezi au hata miaka. Mtunzaji anayezijua tofauti hizo hufaulu hata kwa vifaa vya kawaida, ilhali asiyezijua hupoteza matumbawe hata akiwa na vifaa vya bei kubwa.

Ufugaji wa matumbawe majumbani si jambo la kale. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, aliyekuwa akiishi Jakarta, alieleza kwa maandishi mfumo wake wa kutumia maji ya bahari, mawe yenye viumbe hai na mapovu ya hewa bila mitambo mikubwa ya kuchuja, na miaka ya 1980 wapenzi wa matangi mjini Berlin waliunganisha mawe ya namna hiyo na taa kali pamoja na kichuja povu, yaani chombo kinachonasa uchafu ulioyeyuka kwa kuufanya ushikamane na mapovu. Tangu hapo kilichokuwa kazi ya majumba ya maonyesho ya viumbe wa majini kikawezekana sebuleni.

Hata hivyo, sebule si bahari. Maji ya bahari ya wazi huwa na chumvi ya karibu gramu 35 katika kila kilo ya maji, na kiasi hicho hakibadiliki kwa urahisi kwa sababu ya ukubwa wa bahari yenyewe. Katika tangi la lita 100, lita 3 tu zikikauka, chumvi hupanda kutoka 35 hadi kupita 36, kwa kuwa kinachopaa ni maji matupu na chumvi hubaki nyuma. Ndiyo maana pengo hilo hujazwa kwa maji baridi yaliyosafishwa na si kwa maji mengine ya chumvi, na ni vyema yaongezwe kidogo kidogo kila siku kuliko kumwagwa ndoo nzima mwishoni mwa wiki. Maji ya bomba yasiyosafishwa hayafai, kwani mara nyingi huwa na klorini au kloramini ya kuulia vijidudu, pamoja na shaba, ambayo hata kwa kiasi kidogo ni sumu kwa polipu.

Umuhimu wa chumvi unatokana na umbile la mnyama mwenyewe. Samaki ana figo na matamvua yanayomsaidia kurekebisha chumvi ya mwili, lakini polipu hana viungo hivyo, na chumvi iliyomo ndani yake hufuata ile ya maji yanayomzunguka. Akitolewa kwenye maji ya muuzaji yenye kipimo cha 32 na kutumbukizwa kwenye maji ya 35, maji yaliyomo mwilini mwake hutoka kwa ghafla na nyama yake hunywea. Kinga ni utaratibu mwepesi. Mfuko uliofungwa huachwa uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha tumbawe huwekwa katika chombo pamoja na maji ya mfuko, na mpira mwembamba uliopigwa fundo jepesi hudondosha humo maji ya tangi, matone mawili au matatu kwa sekunde, hadi vipimo vya chumvi vikaribiane. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua nusu saa hadi saa moja. Kuirefusha kupita hapo hakuna faida, kwa sababu maji ya chombo hupoa, na maji ya mfuko hayamwagwi kwenye tangi kamwe. Kabla ya kuingizwa, tumbawe huchovywa katika dawa ya kufukuza minyoo bapa na konokono wasio na kombe wanaolitafuna, lakini dawa hiyo haiui mayai yao, na kwa sababu hiyo karantini ya wiki kadhaa katika tangi la pembeni ina thamani kubwa kuliko uchovyaji wowote.

Mwanga ndio unaowaponza watu wengi zaidi, na makosa yake huonekana kwa kuchelewa. Zooksanthela wanaoishi penye mwanga hafifu hujitengenezea klorofili nyingi, ile rangi inayonasa mwanga, na tumbawe huwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Mwanga ukizidi polepole, klorofili hupunguzwa na polipu huongeza rangi zake za kujikinga, ndiyo maana matumbawe ya maji mafupi hung'aa kwa zambarau, waridi na kijani. Badiliko hilo huhitaji wiki mbili hadi nne au zaidi. Tumbawe la kahawia likiwekwa ghafla chini ya taa kali, klorofili ile ile iliyokuwa msaada hugeuka mzigo: mwani hunasa nishati nyingi kuliko unavyoweza kuitumia, aina kali za oksijeni zinazoharibu seli hutokea, na polipu huutoa mwani wake nje. Mifupa myeupe ya chokaa huonekana kupitia nyama isiyo na rangi, hali inayoitwa kupauka. Tumbawe lililopauka halijafa, lakini limepoteza mlishaji wake mkuu.

Taa za LED zimeongeza hatari hiyo kwa njia isiyotazamiwa, kwani nyingi hutoa mwanga wa buluu, ambao kwa jicho la mwanadamu huonekana hafifu ilhali mwani huunyonya kwa wingi. Kipimo kinachofaa ni idadi ya chembe za mwanga zinazofika mahali fulani kwa sekunde, ambayo huhesabiwa kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba. Matumbawe laini kama uyoga wa bahari huridhika na 50 hadi 150, na yale magumu yenye matawi, kama jamii ya Akropora, hutaka 200 hadi 400. Mgeni huanzia chini ya tangi au chini ya taa iliyopunguzwa hadi nusu, kisha hupandishwa hatua kwa hatua kila wiki.

Upande wa kemia, jambo linalotakiwa kufuatiliwa kwa karibu ni ualkali, yaani akiba ya kabonati ambayo polipu huitumia pamoja na kalsiamu kujenga mifupa. Bahari huwa na digrii 7 hivi za ualkali (dKH), na matangi mengi huendeshwa kati ya 7 na 11. Namba yoyote katika nafasi hiyo inaweza kufaa, ila kuyumba kutoka namba moja hadi nyingine hakufai, na mabadiliko yanayozidi digrii 1 kwa siku ni ya kuepukwa. Akropora iliyopandishiwa ualkali kwa pupa, hasa katika maji yasiyo na naitreti wala fosfeti za kutosha, huanza kuchubuka nchani: ncha za matawi hubaki chokaa tupu huku sehemu ya chini ikiwa bado na rangi. Mtu anayekimbilia chupa ya dawa kila kipimo kikishuka nukta chache huongeza madhara badala ya kuyaondoa.

Kuhusu joto, bahari imetoa mafunzo makubwa. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida, matumbawe mengi ya Kenya, Ushelisheli na Maldivi yalipauka na kufa. Lakini katika kisiwa cha Ofu, Samoa ya Marekani, kuna kidimbwi ambacho maji yakipwa hufikia nyuzi 35 za Selsiasi na matumbawe yake huishi. Mwanabiolojia Stephen Palumbi na wenzake walihamishia huko matumbawe ya kidimbwi chenye maji yasiyopata joto jingi, na katika ripoti yao ya mwaka 2014 walionyesha kwamba katika muda usiofika miaka 2 yaliongeza ustahimilivu wake kwa kiasi kikubwa, ingawa hayakuwafikia wenyeji. Katika Ghuba ya Uajemi, karibu na Abu Dhabi, matumbawe huvuka majira ya joto yenye maji ya nyuzi 34 na zaidi kwa msaada wa aina maalumu ya mwani, lakini mwaka 2017 hata hayo yalipauka vibaya. Uwezo wa kuzoea upo, na mpaka wake upo pia.

Mtunzaji wa nyumbani hapaswi kulichukua fundisho hilo kama ruhusa ya kuyakomaza matumbawe kwa kuyapasha moto. Nyuzi 25 hadi 27 zisizoyumba ndizo salama kwa aina nyingi, na katika miji ya joto kama Mombasa au Dar es Salaam feni inayopuliza juu ya maji huweza kupunguza nyuzi mbili au tatu, kwa gharama ya kukausha maji mengi zaidi.

Chanzo cha matumbawe nacho kina uzito. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, na hayavuki mpaka kihalali bila kibali. Kuyang'oa mwambani ni kuujeruhi mwamba ambao tayari umelemewa na joto. Vipande vilivyooteshwa katika matangi ni bora kwa kila hali, kwa kuwa vimezaliwa chini ya taa na katika maji ya kutengenezwa, hivyo umbali wa kuzoea ni mfupi.

Baada ya kuliweka tumbawe mahali pake, dalili za kutazamwa ni chache: minyiri kutoka kwa saa zile zile kila siku, rangi kutofifia, na nyama kutambaa juu ya gundi iliyoshikilia kipande kwenye jiwe. Utando huo wa nyama ukishavuka gundi na kugusa jiwe, kipande kimeanza kujenga mifupa mipya, na hapo ndipo mwanga unaweza kupandishwa hatua nyingine, nazo wiki zikahesabiwa upya.